Moyo Hutangulia

Mama yangu hakupata kusoma kitabu cha elimu ya viumbe, lakini kupima mayai alijua. Siku ya saba tangu kuku aanze kuatamia, giza likishaingia, aliwasha kandili, akatwaa yai moja moja, akalizungushia kiganja mbele ya mwanga na kulichungulia kwa jicho moja. Yai lenye uhai lilionyesha doa jeusi na mishipa myekundu iliyotawanyika kama mizizi. Lisilo na kitu lilikuwa jeupe tupu, naye aliliweka kando. Siku ya ishirini alikuwa na kipimo cha pili. Alitia maji ya uvuguvugu kwenye bakuli la bati, akayaweka mayai humo, akangoja maji yatulie. Yai lenye kifaranga mzima lilitikisika lenyewe juu ya maji. Yai viza lilielea tu. Kisha aliyapangusa kwa upindo wa kanga na kuyarudisha chini ya kuku, ambaye wakati wote huo alikuwa akimdonoa mikono kwa hasira.

Baadaye mimi nikawa mwalimu wa biolojia. Kila mwaka, tulipofika kwenye ukuaji wa viumbe, niliagiza mayai yaliyoatamiwa siku tatu, nikavunja moja taratibu kwenye sahani yenye maji ya chumvi ya uvuguvugu. Hata waliokuwa wakisinzia nyuma ya darasa waliamka. Juu ya kiini palikuwa na duara la mishipa midogo sana, na katikati ya duara kitu chekundu kisichozidi kichwa cha pini, kinachopiga, kinatoweka, kinapiga tena. Wasichana walishika vinywa. Wavulana walisukumana wapate kuona. Mimi nilisimama pembeni nikijidai, kana kwamba moyo ule nimeuumba mimi.

Miaka yote hiyo hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyeniuliza, "Mwalimu, na mapafu yako wapi?" Wala mimi sikujiuliza, mpaka nilipopata sababu yangu ya kuuliza, nayo nitaieleza mahali pake. Nilipoanza kusoma habari hizi kwa utulivu niligundua kwamba darasa langu halikuwa peke yake. Watu wenye akili kubwa kuliko sisi wamevunja mayai kwa zaidi ya miaka elfu mbili, na karibu wote macho yao yalikwenda kwenye kile kinachopiga.

Wa kwanza tunayemjua kwa maandishi ni Aristotle, Mgiriki wa karne ya nne kabla ya Kristo. Katika kitabu chake cha habari za wanyama anaeleza kwamba katika yai la kuku dalili ya kwanza huonekana baada ya siku tatu, mchana na usiku wake, na kwamba moyo huonekana kama tone la damu kwenye ute, likirukaruka kama kitu chenye roho. Yeye aliamini moyo ndio makao ya joto na uhai wa mnyama mzima, kwa hiyo kuuona ukitangulia kulimridhisha sana. Mapafu aliyapa kazi ndogo: kuupoza moyo. Mpepea moto hana cheo cha moto wenyewe, na nadhani hapo ndipo mapafu yalipoanza kuonewa.

Waliofuata walikaa karne nyingi wakimsoma Aristotle badala ya kuvunja yai. Mwaka 1564, mjini Bologna huko Italia, kijana mmoja Mholanzi aitwaye Volcher Coiter, akihimizwa na mwalimu wake Ulisse Aldrovandi, aliwawekea kuku mayai na akawa anavunja kila siku yai na kuandika alichokiona. Jambo lenyewe ni rahisi mno, mtoto yeyote wa kijijini angeweza kulifanya, ila hakuna aliyekuwa amelifanya hivyo na kuchapisha siku kwa siku. Coiter alichapisha mwaka 1572. Mjini Padua, Fabricius wa Acquapendente naye aliandika juu ya yai na kifaranga, kitabu chenye michoro mizuri kilichotoka mwaka 1621, miaka miwili baada ya yeye kufa.

Fabricius alikuwa na mwanafunzi Mwingereza, William Harvey, aliyehitimu udaktari Padua mwaka 1602. Huyu ndiye aliyeuthibitishia ulimwengu kwamba damu huzunguka mwilini, katika kitabu kidogo cha mwaka 1628. Wengi wanalijua hilo. Wasichokijua wengi ni kwamba yai la kuku ni mmoja wa mashahidi aliowaita katika kitabu hichohicho. Anamwelekeza msomaji aondoe ganda la yai la siku nne au tano, alitie kwenye maji safi ya uvuguvugu, atazame ndani yake kama wingu dogo, na katikati ya wingu nukta ya damu, ndogo kama ncha ya sindano, inayoonekana inapojaa na kutoweka inapojikunyata.

Nilipofika kwenye maji ya uvuguvugu nilikiweka kitabu chini. Nililikumbuka bakuli la bati.

Harvey aliendelea na mayai maisha yake yote. Mwaka 1642, wakati wa vita vya mfalme na bunge, askari waliingia kwenye makazi yake London wakayapora, na maandishi yake mengi yakapotea. Kitabu chake kikubwa juu ya uzazi wa wanyama kilitoka mwaka 1651, baada ya rafiki yake George Ent kumbembeleza akitoe. Humo anabishana na Aristotle kwa heshima: kinachotangulia, anasema, ni damu, moyo hufuata. Na humohumo, nikisoma kwa jicho la mtu anayetafuta mapafu, nilikuta jambo la ajabu. Harvey alijua kwamba mapafu ya ndege yametoboka, kwamba hewa hupita ndani yake na kuendelea hadi kwenye vifuko vilivyotandaa kifuani na tumboni. Alikuwa amelishika jambo kubwa kwa ncha ya vidole. Lakini hakuwa na njia ya kujua maana yake, basi akaliacha hapo.

Malpighi wa Bologna alikuwa na hadubini, na mwaka 1661 alikuwa ameona ndani ya pafu la chura ile mishipa myembamba mno inayounganisha mishipa ipelekayo damu na ile irudishayo, kiungo ambacho Harvey alikikisia bila kukiona. Mtu huyo alikuwa na mapafu mkononi! Lakini alipogeukia yai, katika makala alizopeleka kwenye Jumuiya ya Kifalme ya London mwaka 1672, utamu wote uko kwenye moyo na mishipa. Alichora moyo ulipokuwa bado mrija uliopinda. Pia alivunja yai ambalo halijaatamiwa akakuta ndani yake umbo la kiumbe limekwisha kuanza. Ulikuwa mwezi wa Agosti, joto la Italia ni kali, na joto hilo peke yake lilitosha kulianzisha yai. Lakini walioisoma habari hiyo waliichukua kama ushahidi kwamba kifaranga mzima yumo tangu mwanzo, mdogo sana, amekunjwa, akingoja kukunjuliwa kama jamvi.

Hapo ndipo ulipozuka ugomvi ninaoupenda kuliko yote katika habari hizi, maana wagombanaji wawili walikuwa waungwana na kila mmoja alikuwa ameona alichokiona. Albrecht von Haller wa Bern, Uswisi, alikuwa mwanafisiolojia mkubwa wa zama zake. Mwaka 1758 alichapisha kitabu juu ya kufanyika kwa moyo wa kifaranga, baada ya kufungua mayai mengi, saa kwa saa. Kabla ya hapo alikuwa ameamini kwamba viungo hutengenezwa kimoja baada ya kingine, kutoka kwenye kitu kisicho na umbo. Mayai yalimgeuza. Aliona utando wa kiini umeungana na utumbo wa kifaranga, akasema: ikiwa kiini kilikuwapo kabla ya kuatamiwa, basi na kifaranga alikuwapo. Hatuvioni viungo vyake kwa sababu ni vyororo na ni angavu kama maji.

Na shahidi mmoja wa Haller, msomaji, yalikuwa ni mapafu. Hatimaye! Mapafu ya kifaranga, alisema, yanapoonekana kwa mara ya kwanza tayari yana ukubwa wa kutosha. Kitu hakizuki ghafla kikiwa na ukubwa huo. Kilikuwapo, ila kilipitisha mwanga. Ukikidondoshea siki kinakuwa cheupe, nawe unakiona.

Mwaka mmoja baadaye, 1759, kijana wa Kijerumani aitwaye Caspar Friedrich Wolff aliandika tasnifu yake Halle na kumpelekea Haller nakala. Wolff naye alikuwa ametazama mayai kwa hadubini, na alichoona ni mahali pasipo mshipa pakiota mshipa. Mwanzoni chembe tu, kisha vijimto, kisha vijimto vikapata kingo vikawa mishipa. Mwenye kusema kitu kipo lakini hakionekani, alijibu Wolff, anasema hadithi. Waliandikiana barua kwa miaka, kwa adabu kubwa. Haller hakugeuka tena. Alikuwa mtu wa dini, na aliogopa kwamba kama nguvu ya mwili yenyewe inaweza kujenga moyo kutoka kwenye ute, watu watauliza Mungu ana kazi gani. Wolff hakupata kiti cha ualimu kwao, akahamia St. Petersburg, Urusi, mwaka 1767, akafia huko mwaka 1794.

Leo tunajua Wolff ndiye aliyekuwa karibu na kweli. Christian Pander mwaka 1817 na Karl Ernst von Baer mwaka 1828 walionyesha jinsi kiinitete kinavyoanza kama tabaka zilizolaliana, na jinsi tabaka hizo zinavyojikunja na kuungana kuwa viungo. Moyo hufanyika kutoka pande mbili, kulia na kushoto, zinazosogea hadi zikakutana katikati na kuwa mrija mmoja. Zikizuiwa zisikutane, kifaranga hupata mioyo miwili, na kila mmoja hupiga peke yake. Mrija huanza kupiga kwenye saa ya 33 hadi ya 36 ya kuatamiwa, kabla neva yoyote haijaufikia, na kabla damu haijaanza kusafiri. Kwa saa chache unapiga bila kupeleka kitu popote. Kisha unajipinda, unagawanyika, na kufikia kama siku ya nane una vyumba vinne kama wangu na wako.

Mtu aliyeutazama mwanzo huo kwa makini zaidi ni mwanamke, Florence Sabin wa Baltimore, Marekani. Alikesha usiku kucha juu ya hadubini akitazama kiinitete hai cha kifaranga katika siku yake ya pili, mpaka akaona mishipa ikifanyika, chembe za damu zikizaliwa ndani ya mishipa hiyo, na moyo ukipiga pigo lake la kwanza. Alichapisha habari hizo mwaka 1920, na miaka mitano baadaye akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika Akademia ya Taifa ya Sayansi ya nchi yake.

Mapenzi ya watu kwa moyo wa kifaranga yalifikia hata kuwapumbaza. Januari 17, 1912, Alexis Carrel, Mfaransa aliyekuwa akifanya kazi New York, aliweka kipande cha moyo wa kiinitete cha kuku kwenye chombo chenye chakula, akatangaza kuwa kinaishi na kuongezeka. Kililishwa miaka 34, hadi mwaka 1946, yeye mwenyewe akiwa amekwisha kufa. Magazeti yalikuwa yakikitakia heri ya siku ya kuzaliwa, na watu waliamini kuna moyo usiokufa unapiga ndani ya chupa. Ukweli ni kwamba kilichokuwa kikiongezeka ni chembe za nyama ya kuunganishia, si moyo unaopiga. Mwaka 1961 Leonard Hayflick na Paul Moorhead walionyesha kwamba chembe za kawaida za binadamu zikifugwa hivyo hugawanyika kwa idadi yake kisha zikakoma. Inadhaniwa maji ya kiinitete yaliyotumika kuzilisha zile za Carrel yalikuwa yakiingiza chembe mpya kila mara. Sijasikia kwamba kuna mtu aliyewahi kutia pafu la kifaranga ndani ya chupa na magazeti yakalipongeza.

Sasa niseme sababu yangu.

Mwaka 1977 mke wangu alijifungua binti kabla ya wakati wake, mimba ikiwa na wiki 30. Ilikuwa hospitali ndogo, na waliokuwapo walifanya kila walichoweza. Mkunga alimsikiliza mtoto kwa ile pembe ya mbao, akatuambia kwa furaha, "Moyo wake mzima kabisa." Nami nilifurahi. Nilikuwa mwalimu wa moyo, nilijua moyo mzima ni nini. Niliweza hata kuuona ukipiga chini ya ngozi yake, haraka haraka. Lakini kila alipovuta pumzi kifua kilibonyea ndani badala ya kupanda, na kila alipoitoa aliguna kidogo, kama mtu mzima anayeinua mzigo. Aliguna usiku kucha. Kesho yake adhuhuri aliacha. Moyo ulichelewa kidogo kunyamaza, na hilo ndilo nililolikumbuka kwa miaka mingi kuliko kuguna kwenyewe.

Nilipomweleza mama, alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwanangu, hata yai la siku ya kumi na nane ukilivunja utakuta kifaranga ana mbawa, ana kucha, ana macho. Utasema amekamilika. Lakini hajawa."

Nilikasirika. Nilidhani anafananisha binti yangu na kuku. Ilinichukua muda mrefu kwenda kusoma, na nilipokwenda nilikuta alikuwa amesema jambo sahihi kuliko alivyojua.

Mapafu ya kifaranga huchipuka kutoka kwenye koo la chakula, kama siku ya nne, vijitawi viwili tu. Hukua kimya kimya, yamejaa maji. Wakati wote huo kifaranga hapumui kwayo hata mara moja. Anapumua kwa ganda. Kuna utando wenye mishipa mingi unaotanda chini ya ganda lote, na ganda lenyewe lina vitundu kama 10,000 visivyoonekana kwa macho. Hermann Rahn na wenzake huko Buffalo, Marekani, waliopima mambo haya kwa subira kubwa, walieleza mwaka 1979 kwamba yai la kuku katika siku zake 21 huingiza kama lita 6 za oksijeni, na kutoa lita 4.5 za hewa chafu na lita 11 za mvuke wa maji. Kwa kuwa maji hupotea, upande butu wa yai hujengeka nafasi yenye hewa, na nafasi hiyo huongezeka kila siku. Mama alikuwa akiiona kwa kandili. Aliiita chumba.

Na chumba hicho ndicho ukumbi wa kila kitu. Karibu siku ya kumi na tisa au ishirini kifaranga hutoboa kwa mdomo utando unaomtenga na chumba, akachomoza mdomo humo, na hapo ndipo anapovuta pumzi ya kwanza ya maisha yake, akiwa bado ndani ya ganda zima. Lakini ule utando wa mishipa chini ya ganda haujaacha kazi. Kwa muda unaokaribia siku nzima anapumua kwa njia mbili, ya zamani na mpya. Maji yanatoka mapafuni kidogo kidogo, hewa inaingia, damu inahama kutoka kwenye ganda kwenda kifuani. Moyo wake wakati huo bado una vitundu katika ukuta wa vyumba vya juu, na mishipa miwili ya kukwepa mapafu, maana muda wote uliopita hapakuwa na haja ya damu kupita humo kwa wingi. Navyo huanza kufungwa. Kisha ndipo analipasua ganda lenyewe. Ukimsaidia kulipasua mapema, damu iliyobaki kwenye utando inamwagika, naye anakufa mkononi mwako. Kila mfuga kuku anajua asimsaidie.

Mtoto wa binadamu hapewi siku hiyo moja. Kitovu kikikatwa, njia ya zamani imekwisha, na mpya lazima iwe tayari palepale. Binti yangu hakukosa mapafu. Alikosa majimaji fulani yanayofanana na sabuni, ambayo hutandaa ndani ya vifuko vya mapafu na kuvizuia visigandamane kila pumzi inapotoka. Mwili huyatengeneza kwa wingi wiki za mwisho za mimba. Jambo hilo liligunduliwa na Mary Ellen Avery na Jere Mead huko Boston mwaka 1959, miaka 18 tu kabla ya usiku ule. Agosti 1963 mtoto wa Rais Kennedy wa Marekani, aliyezaliwa kabla ya wakati, alikufa kwa ugonjwa huohuo, akiwa katika hospitali bora kuliko zote. Dawa ya kumdunga mama ili kukomaza mapafu ya mtoto ilitangazwa na Liggins na Howie wa New Zealand mwaka 1972. Miaka mitano. Nimeihesabu mara nyingi.

Mapafu ya ndege hayako kama yetu, na hilo nalo lilichelewa kueleweka. Yetu hujaa na kupungua kama mifuko. Ya ndege hayatanuki. Vinavyotanuka ni vile vifuko alivyovigusa Harvey, navyo huisukuma hewa ipite ndani ya mapafu kwa mwelekeo mmoja, pumzi ikiingia na hata ikitoka. Tangu miaka ya 1960 Knut Schmidt-Nielsen alifanya kazi kubwa ya kuonyesha jambo hilo, akitumia hata mbuni. Jinsi mapafu hayo yanavyojengeka ndani ya yai, William Locy na Olof Larsell walikuwa wameifuatilia kwa bidii mwaka 1916, hatua kwa hatua. Kazi yao inajulikana na wataalamu. Nje ya hapo, kimya.

Lakini huku kwetu haikuwa kimya. Katika Chuo Kikuu cha Nairobi John Maina alijenga maisha yake ya kisomi juu ya mapafu ya ndege, akaendelea nayo Afrika Kusini, na mwaka 2005 akatoa kitabu kizima juu ya ukuaji, umbo na kazi yake. Mwaka 2006 Andrew Makanya, naye wa Nairobi, pamoja na wenzake, wakiwamo wa Bern, walichapisha habari ya jinsi ukuta kati ya hewa na damu unavyopunguzwa unene ndani ya kiinitete cha kuku. Chembe zinazotanda ndani ya vijirija vya hewa huwa ndefu mwanzoni. Kisha hujibana kiunoni na kukatika, kichwa kikaanguka na kubaki tako tu, tena na tena, mpaka ukuta unakuwa mwembamba kuliko wa mnyama yeyote anyonyeshaye wa ukubwa huo. Kumbe mapafu hayo hujengwa pia kwa kukata. Haller wa Bern, na siki yake, sijui angesema nini.

Nilirudi kwa Aristotle baada ya hayo yote, nikasoma ukurasa uleule niliokuwa nikiusimulia darasani, ila safari hii sikuishia siku ya tatu. Huko mbele anasema kwamba yapata siku ya ishirini ukilifungua yai na kumgusa kifaranga, hujitikisa na kulia. Alikuwa amesikia mapafu. Aliyaandika kama sauti.

Mwaka jana kuku wangu mmoja aliatamia kumi na mawili. Siku ya ishirini nilimwita mjukuu wangu wa miaka saba, nikampa yai moja aliweke sikioni. Alitulia kwa muda mrefu, mdomo wazi. "Babu, yumo ndani analia," akasema, na mara hiyohiyo akataka kulipasua amtoe. Nilimshika mkono. Tukalirudisha pamoja chini ya kuku, akatudonoa sote wawili.